Baa, Bucha na Mikesha ya Maombi

Mwaka 2005 Norman Kinyanjui alikuwa akiishi Riruta, chumba kimoja, bomba la maji nje, na foleni ya kuoga iliyomtaka mtu aamke kabla ya jogoo. Lakini mama yake kule Nyahururu alijua kwamba mwanawe anakaa Kileleshwa, nyumba yenye sebule na maji moto. Norman ndiye aliyemwambia hivyo kwenye simu, siku ambayo mama alikuwa mgonjwa na alihitaji habari njema. Habari ile haikukaa kimya. Kila simu iliiongezea kitu, mara balkoni, mara jokofu la milango miwili. Sasa mama alikuwa amepona na ameanza kuuliza ni Krismasi gani atakuja kuiona. Norman alimpenda mama yake, na swali hilo lilimnyima usingizi.

Mjini alijulikana kama Planner. Mipango ya miji hakuisomea popote. Alichokuwa nacho ni suti ya kijivu, kofia ngumu ya mafundi, na ramani moja iliyokunjwa aliyoinunua kwa muuza karatasi kuukuu Gikomba. Ramani yenyewe ilikuwa ya nini, hakujua, kwani kwake ilikuwa mistari na namba tu. Haikumsumbua. Nairobi askari humsimamisha mwenye gunia na mwenye gari, hata mchungaji husimamishwa, lakini mwenye ramani kwapani hufunguliwa geti na kuitwa injinia. Kutwa alizunguka katikati ya jiji, karibu na zile ofisi ambako watu hupeleka michoro ya majengo, akiwaokota waliokata tamaa na foleni na kuwauzia matumaini.

Asubuhi moja alikwenda Kileleshwa kwa miguu, kuzitazama nyumba alizomsimulia mama. Akakuta watu wazima wenye viatu vizuri wamesimama mbele ya ubao mdogo kwenye ua, nyuso zimewashuka kama wako matangani. Akasoma. Ilikuwa ilani ya kawaida ya kisheria. Mwenye nyumba anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi yake kutoka makazi kuwa shule ya chekechea, na mwenye pingamizi aiandikie ofisi ya mipango ndani ya wiki mbili.

Chekechea. Norman aliwatazama wale watu wakifuta jasho, akajiuliza, ikiwa watoto wa miaka mitatu wanaweza kuwatetemesha hivi, je, baa?

Barabara ya pili kutoka pale palikuwa na ploti tupu iliyopandwa sukuma wiki na nduma. Majirani wote walijua kwamba mwenyewe ni mheshimiwa fulani anayeishi Uingereza. Walijuaje, hakuna aliyeuliza. Mwanamke mwenye gambuti, vile viatu virefu vya mpira, aliyekuja kupalilia walimhesabu kama mvamizi, na kwa miaka mingi walimnunulia mboga bila kumuuliza jina.

Norman akaenda kwa mchora mabango Kawangware. Ubao ulipochomekwa kwenye ile ploti, ulisomeka: ILANI. KUBADILISHA MATUMIZI YA ARDHI KUTOKA MAKAZI KUWA BAA, BUCHA NA UKUMBI WA MIKESHA YA MAOMBI. Alikuwa ameyapima maneno hayo kwa makini. Baa ilikuwa ya kuwaudhi waliookoka, mikesha ya kuwaudhi ambao hawajaokoka, na bucha aliwawekea majirani wasiokula nyama.

Kisha akavaa kofia yake ngumu na kupita pale polepole, akihesabu hatua kwa sauti.

"Injinia," mtu akaita kutoka kwenye veranda iliyopakana na ploti. "Hebu kuja kidogo."

Alikuwa Rajinder, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee wa kilemba cha buluu aliyezaliwa Ngara na kuhamia Kileleshwa kutafuta utulivu. Kando yake alikuwa Tobias, meneja wa bima na mwenyekiti wa chama cha wakazi, mtu ambaye hakuwahi kusema neno moja mahali ambapo maneno kumi yangetosha.

"Hii maneno ya baa ni kweli?" Rajinder akauliza.

"Mzee, mimi napima tu. Siwezi ongea mambo ya ofisi," Norman akajibu, akaketi na kupokea chai.

"Mimi kama mwenyekiti," Tobias akasema, "na kwa niaba ya wakazi, napinga, nakataa, nalaani, na nitaandika barua leo leo."

Norman akamtazama kwa huruma ya daktari.

"Barua pekee? Hizo zinatupwa, mheshimiwa. Pingamizi ya siku hizi iko na masharti. Lazima iambatane na ramani ya ploti. Ionyeshe mpaka, umbali wa jengo kutoka barabara, maji taka inapita wapi, magari itaegeshwa wapi, miti gani inakatwa gani inabaki. Na kila jirani alete yake. Nani atawachorea?"

Rajinder akamwongezea chai.

"Wewe unaweza?" Rajinder akauliza.

"Haturuhusiwi," Norman akasema kwa uchungu, akaongeza sukari. "Lakini kwa vile ni wazee mmenikaribisha vizuri."

Jumapili hiyo chama cha wakazi kilifanya harambee. Katika mtaa ule watu hawakuwa wamechangia kitu pamoja tangu geti la barabara lilipovunjika, na lile geti lilikuwa bado limevunjika. Safari hii walitoa kwa moyo mmoja. Norman akaondoka na bahasha nene na pingamizi za mtaa mzima, ambazo aliziweka chini ya godoro lake Riruta, na huko zikakaa salama kabisa mbali na ofisi yoyote.

Kesho yake alikuwa bombani, povu kichwani, aliposikia sauti ya mama mwenye nyumba. Mama Nyokabi alikuwa na ploti tatu za vyumba vya kukodisha hapo Riruta, na alikuja kuvikagua akiwa na gambuti.

"Norman, sasa."

"Poa, Mama."

"Hiyo ubao umeweka kwa shamba yangu Kileleshwa, nilikuwa ndani ya nduma nikakuona ukiichomeka. Herufi zimenyooka. Nani alikuchorea?"

Povu likamwingia Norman machoni. Alitaka kukana, lakini mtu hawezi kukana vizuri akiwa na taulo.

"Hiyo shamba ni yako, Mama?"

"Tangu mzee wangu ainunue, na yeye hajawahi kufika hata Mombasa, wacha Uingereza. Lakini wale watu hawajawahi kuniuliza, na mimi si mtu wa kujipigia tarumbeta." Akageuza ndoo, akaketi juu yake. "Sikiza. Nimetaka kujenga flati hapo miaka mingi. Nikitaja flati, yule Tobias anapeleka watu kortini. Sasa wewe umewaletea baa. Wacha walie nayo wiki moja zaidi. Halafu unawaambia umepigana, umeshinda, baa imekataliwa, na mwenyewe amekubali kuweka flati tu. Mimi naweka ubao yangu ya ukweli."

Norman aliyasikia maneno hayo akasahau povu. Alikuwa amekutana na wajanja wengi mjini, na wote, kwake, walikuwa wanafunzi. Huyu alikuwa mwalimu, na alikuwa amekalia ndoo ya Norman mwenyewe.

"Na mimi napata nini?"

"Sikupeleki polisi," Mama Nyokabi akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa biashara, akaongeza, "Na ukitaka kununua hapo, nakuuzia mapema kabla watu hawajajua."

Mambo yalikwenda alivyosema. Norman alipowatangazia wakazi kwamba baa imekufa na badala yake zitakuja flati za heshima, za ghorofa zinazoruhusiwa na si zaidi, Tobias alimkumbatia. Rajinder akaagiza sambusa. Watu ambao mwezi mmoja nyuma wangelala barabarani kuzuia flati, sasa waliushangilia ubao wa flati, na mama mmoja akauwekea maua. Wiki mbili zikapita bila pingamizi hata moja. Ofisi ya mipango, ambayo ilipelekewa maombi yaliyokamilika na ramani iliyotimiza kila sharti, ikayaidhinisha kama sheria inavyotaka.

Mama Nyokabi akamwita Norman kwenye mkahawa mmoja mjini na kuitandaza ramani ya ploti mezani.

"Chagua," akasema.

Norman akavaa miwani, ambayo haikuwa na kazi nyingine. Hii ilikuwa mara ya kwanza maishani mtu kumfungulia ramani na kusubiri neno lake. Aliona mistari. Aliona mstatili mmoja mkubwa mtupu katikati, akaudhania uwanja wa watoto, na moyoni akamlaumu mchoraji kwa kuharibu ardhi. Pembeni, karibu na geti, aliona vyumba vidogo vimepangwa safu, kila kimoja na namba. Hizo ndizo nyumba. Angeweza kuuliza, lakini Planner akiuliza kama mstatili ni nyumba, basi mjini amekwisha.

"Hii," akasema, akiweka kidole kwenye namba saba. "Iko safu ya mbele, na karibu na geti."

Mama Nyokabi aliitazama namba saba, kisha akamtazama Norman.

"Saba? Uko na uhakika?"

"Mama, hii ni kazi yangu."

"Na bei unaiona aje?"

Bei ilikuwa ya kuchekesha. Norman akaificha furaha yake na kunung'unika kidogo kwa ajili ya heshima, kisha akatoa ile bahasha nene, yote. Wakaandikiana kwa wakili kwamba namba saba ni yake milele, na wakili naye alimuuliza kama ameielewa ramani. Norman akacheka. Jioni hiyo alimpigia mama yake simu na kumwambia aje Krismasi ya mwaka ujao, na alipokata simu alilia kidogo, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa amemwambia kweli.

Jengo likapanda. Kila Norman alipotaka kwenda kuona, Mama Nyokabi alimwambia mafundi hawapendi wageni, na Norman mwenyewe alitaka kushangazwa pamoja na mama yake. Siku mbili kabla ya Krismasi ya 2006 akampokea mama yake mjini, pamoja na gunia la viazi na kuku mmoja aliye hai, wakachukua teksi hadi Kileleshwa.

Askari wa geti aliisoma ile hati mara mbili. Akawaongoza hatua chache, akasimama.

"Namba saba ni hapa."

Palikuwa na mistari miwili ya rangi nyeupe juu ya saruji, na kati yake namba saba imeandikwa vizuri sana. Kushoto, kwenye namba sita, paliegeshwa gari, na kulia, kwenye namba nane, lingine. Ule uwanja wa watoto ulikuwa umesimama nyuma yao, umejaa balkoni.

Mama yake aliingia kati ya mistari. Akatazama juu, hakukuwa na paa. Akatazama mbele, hakukuwa na ukuta.

"Norman, sasa hapa sebule ni wapi?"

Norman akaliweka gunia chini. Akamshika kuku vizuri.

Mama Nyokabi akatokea kwenye ngazi, safari hii akiwa na viatu vya ngozi. Aliwasalimia kwa Kikuyu, akauliza habari za Nyahururu, akasema chai iko juu tayari na mgeni hawezi kusimama juani. Mama yake Norman akamfuata akishukuru, akamwacha mwanawe alinde viazi.

Ndipo gari likapiga honi. Rajinder, ambaye alikuwa amewanunulia wanawe Arjun na Viraj nyumba mbili humo, alikuwa akitafuta pa kuegesha.

"Toa gunia, bwana. Nataka kuweka gari."

"Hapa ni kwangu," Norman akasema. Ilikuwa kweli tupu.

Rajinder akazima gari. Akashuka, akamkazia macho yule mtu aliyekumbatia kuku.

"Planner," akasema polepole. "Nilienda ofisini kuuliza ile baa. Wananiambia hakuna mtu aliwahi kuomba baa. Tobias yuko hapo nyuma anakuja. Pingamizi yetu ulipeleka wapi?"

Geti lilikuwa wazi, na Norman alikuwa na miguu mepesi iliyomtoa katika hatari kubwa kuliko hii. Lakini kutoka balkoni ya ghorofa ya pili mama yake alikuwa ameinama akimtazama, kikombe mkononi, akimpungia kwa furaha kwa kuona kwamba mwanawe ana marafiki wazee wa heshima. Norman akampungia pia. Kisha akawageukia Rajinder na Tobias, ambaye sasa alikuwa amefika, akabaki pale pale kati ya mistari.