Ukuta Nyuma ya Kitanda cha Kaka

Jumatatu, 4 Mei
Kaka amekoroma tena mpaka alfajiri. Si bure wanamwita Jenereta. Mtihani wa biolojia ni wiki ijayo, chumba ni kimoja, na nimesoma ukurasa uleule mara saba. Lakini leo nimeona doa la kuvu ukutani, nyuma ya kitanda chake! Dogo, kama kifungo cha shati. Kitabu cha afya kinasema kuvu la ndani huleta mafua, kikohozi na macho kuwasha, na kwa wenye pumu ni hatari zaidi. Kaka hana pumu. Niliulizia kwanza, mimi si mtu mbaya. Mpango: kuvu likue, Kaka akohoe, Mama amhamishie sebuleni.

Jumanne, 5 Mei
Dirisha nimelifunga. Ukuta nimeunyunyizia maji kwa ile chupa ya kupigia pasi. Kaka akauliza nafanya nini. Nikasema napoza ukuta. Akaamini. Ana heshima kubwa kwa vitabu vyangu.

Alhamisi, 7 Mei
Doa limekuwa kama sahani. Kaka yu buheri wa afya. Mimi napiga chafya. Vumbi tu.

Jumamosi, 9 Mei
Si vumbi. Macho mekundu, kifua kinapiga filimbi. Mama akanifukuza nikasome nje, nipate hewa safi. Nikajichagulia kivuli kizuri kando ya lundo la majani yaliyooza. Chafya kumi na moja.

Jumatatu, 11 Mei
Zahanati. Muuguzi kasema nina mzio. Kuvu huwasumbua wengine, wengine hata hawalihisi, na nje pia lipo, hasa kwenye majani yanayooza. Akauliza kama nyumbani kuna ukuta wenye unyevu. Mama akasema labda paa linavuja. Mimi nikakagua viatu vyangu.

Jumanne, 12 Mei
Wamesogeza kitanda. Wamekuta doa. Wamekuta na chupa. Kwa nini sikuificha, sijui. Kaka aliitazama, akanitazama. Nikasubiri kofi.

“Profesa,” akasema, “si ungeniambia tu kwamba nakoroma?”

Kisha akajifunga kitambaa puani, akafungua dirisha, akasugua ukuta peke yake. Mama ameamua: ninahamia sebuleni mpaka kifua kipone. Kaka abaki. Mchimba kisima ameingia mwenyewe, tena maji kayaleta mwenyewe.

Alhamisi, 14 Mei
Kaka kanisamehe. Kanipa hata shuka lake zito. Nimeona aibu kweli. Nimemwapia Mama kwamba ile chupa sitaigusa tena maishani.

Tatizo ni Shangazi. Kila jioni anakaa kwenye kiti chake hapa sebuleni kutazama tamthilia, na kila anayeachwa humo, Shangazi anamlilia kwa sauti. Ukurasa uleule, mara tisa.

Zulia chini ya kiti chake lina unyevunyevu kidogo. Shangazi hana pumu, nimemuuliza. Chupa sitaigusa, nimeapa.

Birika, hata hivyo, halikutajwa.