Mita Mbili Zangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimegundua nimedhulumiwa urefu! Nilipokuwa nikisafisha maabara ya chuo, Daktari Apondi aliwaeleza wageni kwamba kila seli ya mwili ina uzi wa DNA wa mita mbili, umekunjwakunjwa kama nguo sandukuni. Yeye hutengeneza peptidi, vipande vidogo vya protini alivyovibuni mwenyewe, vinavyoushika uzi huo na kuukunja kwa umbo analotaka. Nilipiga deki mahali pamoja dakika ishirini. Mita mbili! Mimi nina futi tano na inchi mbili. Zilizobaki zimekunjwa ndani yangu, zinakaa bure.

Jana Kavinya, mshonaji wa orofa ya tatu hapa kwetu Kayole, alimwita Wafula aangalie taa yake. Wafula, twiga yule! Na mimi nilikuwa palepale mlangoni, nimeshika stuli.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza Daktari kama kinachokunja kinaweza kukunjua. Amefurahi mno. Akasema naam, zipo peptidi za kulegeza pia, na kwamba jengo zima hakuna aliyewahi kumuuliza swali zuri hivyo. Nikaona haya kidogo. Kisha nikafungua friji. Kichupa kimeandikwa K. K ya kukunjua!

Kukunja nako huanza na K. Hilo nimelifikiria baada ya kumaliza uji.

Jumatano, 5 Machi

Nimejipima mara tisa. Bado. Angalau sijapungua. Nimenunua suruali ndefu soko la Gikomba, kujitayarisha. Nimemwambia Kavinya asishtuke akiniona Jumamosi. Akauliza kama naumwa.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Kichupa kinatafutwa. Lawama zimemwangukia Abdiqadir, mwanafunzi anayesimamia friji, huenda akafukuzwa. Nimemkuta ngazini akilia. Ni yeye peke yake anayenisalimia kwa jina. Nikaenda kwa Daktari, nikakiri.

"Umekipeleka wapi?" Daktari akauliza.

"Nimekinywa, Daktari. Na uji."

Akaketi. K ni kontroli, akasema: maji ya chumvi ya kulinganishia, hayana peptidi hata moja. Kazi ya wiki tatu itarudiwa. Na hata ingekuwa peptidi, tumbo lingeisaga kama maharagwe. Nikamtajia urefu wa Wafula; akasema naye ana mita mbili zilezile. Hapo ndipo paliponiuma.

Nimepewa barua ya onyo na kuhamishiwa bustani ya majaribio. Jina la Abdiqadir limesafishwa. Hajanisalimia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekanyaga mguu wa suruali, nikabingirika ngazi nzima hadi mlangoni pa Kavinya. Akanikalisha, akaanza kupima pindo, pini mdomoni. Nikamweleza yote. Akacheka mpaka pini zikamwagika.

"Wee Kimanzi, nani alikuambia natafuta mlingoti?"

Kumbe Wafula aliitwa kwa sababu ni fundi wa stima. Holda ya balbu ilikuwa imeungua! Akanipikia chai. Akasema nilivyo ninatosha kabisa, na kwamba suruali ikipunguzwa nitapendeza. Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza bustanini. Bwana Opicho, msimamizi, ananionyesha mahindi yaliyonipita kichwa. Wiki kumi tu! Siri yake, asema, ni samadi: haimwagwi juu, huwekwa chini, mizizini, kisha unatulia.

Nimevua viatu, nikakanyaga samadi, nikatulia.