Shavu la Sulaiti na Taa ya Lori

Asubuhi ile kijiwe cha Hajarah hapa Busia kilikuwa na kila kitu isipokuwa kahawa na sukari. Kahawa yetu ilishavuka zamani kwa magendo kwenda Kenya juu ya vichwa vya watu. Sisi tulibaki na chai isiyo na sukari, na redio ya Okware. Okware tulimwita Idhaa, kwa sababu habari ikipita kwake hutoka imenenepa.

Akaangaza huku na huku kwanza, maana kusikiliza redio ya ng'ambo ilikuwa kosa.

"Mmesikia? Ulaya daktari hang'oi tena jino. Namulika! Taa kidogo, nyekundu. Haikati, haichomi. Ufizi ikimulikwa, uvimbe nakwisha."

Hajarah akacheka. "Mimi namulika maharage kila usiku, haijaiva hata siku moja!"

Sote tukamgeukia Sulaiti. Wiki ile tulimwita Shavu, kwa sababu jino lilikuwa limemvimbisha upande mmoja mpaka jicho likaanza kubanwa. Na kesho yake ilikuwa nikaha ya binti yake Mastula, upande wa Kenya ambako binti alishatangulia, na yeye baba ndiye wa kumwozesha. Lakini askari wawili wa kizuizi cha mpakani waliamini kila shavu lililovimba lina dhahabu ya machimbo ya Tiira ndani. Juzi alijaribu kuvuka. Afande mmoja akamtia kidole mdomoni mpaka kooni, asipate kitu, akamrudisha kwa kosa la kuficha vizuri mno.

"Tuma wakili amwozeshe," akasema Nasuru, dereva wa lori. "Mimi niko tayari."

"Wewe nataka pilau!" Sulaiti akanguruma kwa pembe ya mdomo. "Mastula ni mtoto wangu mmoja tu. Nitamwoza mwenyewe, hata kwa nusu mdomo."

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nilimwonea huruma kweli.

Mara Idhaa akajipiga paja. "Nasuru! Lori yako iko na taa nyekundu nyuma!"

Basi Sulaiti akapiga magoti nyuma ya lori, akabandika shavu kwenye taa. Nasuru akapanda, akakanyaga breki, taa ikawaka.

"Fumba macho!" Idhaa akaamuru. "Huko mgonjwa navalishwa miwani nyeusi. Hiyo mwanga haitaki mchezo na macho."

"Nasikia moto!"

"Ndiyo dawa naingia!"

"Si ulisema haichomi?" akauliza Hajarah.

"Ya Ulaya haichomi. Hii ni ya lori."

"Nyinyi nafanya nini?" Sauti ilitoka nyuma yetu. Alikuwa afande wa kidole, mwenyewe. "Kwa nini hii mtu nabusu gari?"

Siku zile swali la afande halikuwa na jibu zuri.

"Ma... matibabu, afande," Idhaa akatetemeka. "Ya kisasa. Naponya jino."

Afande hakukasirika. Mkono wake ulipanda taratibu mpaka tayani. Hapo nikaelewa. Sukari yote iliyonyang'anywa mpakani iliishia kwao, wakawa wanaitafuna mchana kutwa. Mji mzima, waliokuwa na meno mabovu kuliko sisi sote ni hao wawili.

"Wewe, toka," akamwambia Sulaiti. "Jeshi kwanza."

Akaegemeza bunduki kwenye tairi, akapiga magoti, akabandika shavu. Kisha akampigia mbinja mwenzake aliyebaki kizuizini. "Apendi! Kuja! Taa iko mbili!"

Apendi akaja mbio, ameshika taya.

"Fumba macho kabisa, maafande," Idhaa akasema, na safari hii hakutetemeka. "Ukifungua mbele ya kuambiwa, napofuka."

Kizuizi kikabaki peke yake. Hajarah akamsukuma Sulaiti mgongoni. Sulaiti akavua kandambili, akaenda kwa ncha za vidole. Nyuma yake wakaenda akina mama na vikapu, wanaume na magunia ya kahawa, hata mbuzi wa pilau.

"Mguu nakufa ganzi!" Nasuru akalia kutoka mbele. "Niachie breki?"

"Usithubutu!" tukamjibu sote. "Kanyaga, unatibu serikali!"

Afande akanguruma, macho bado ameyafumba. "Yule ya shavu kubwa iko wapi?"

Hajarah akatazama ng'ambo. Mastula alikuwa amemkumbatia baba yake, kandambili zikining'inia mkononi mwa mzee.

"Amepona, afande. Amekwenda zake."

"Kumbe dawa ni ya kweli," akasema afande, akageuza shavu la pili.