Beseni la Baba Zuhra

Uwesu wa Masasi aliiona riziki yake siku alipomwona mtu mzima anatema korosho.

Ilikuwa Newala, nyuma ya soko, mwezi wa kumi, wakati korosho za kwanza zimeshaanguka lakini malipo ya chama cha ushirika bado yako njiani. Huo ndio msimu wa kangomba. Asiyemjua kangomba na aambiwe: ni yule anayenunua korosho za wakulima kwa siri, nje ya ghala na nje ya mnada, kwa bei ya kumkaba mwenye shida. Serikali inamfukuza mlango wa mbele, shida za watu zinamkaribisha wa nyuma. Na kangomba mkubwa pale mjini alikuwa Mujibu, Baba Zuhra, mtu wa tumbo na tasbihi, ambaye hajawahi kumpunja mtu bila kumwombea dua.

Siku hiyo alikuwa amechuchumaa juu ya gunia, kisu mkononi, anakata korosho moja moja kutazama ndani. Moja aliing'ata kwa haraka na mafuta ya ganda yakamuunguza mdomo.

"Ptuu! Wakulima wa siku hizi wezi!" akalia. "Juu korosho, chini kokoto! Nikikata zote nizione, polisi watanikuta sijamaliza gunia. Nisipokata, naibiwa. Mtu mwaminifu afanye nini?"

Uwesu akatulia kama paka aliyesikia kitu ndani ya dari.

Kijana huyu alikuwa na miaka ishirini na sita, koti la suti asilolivua hata jua likipasua mawe, na ulimi ambao angezaliwa nao mtu mwingine angekuwa shehe au mbunge. Kazi hasa hakuwa nayo. Alikuwa amekaa miezi miwili kwa fundi mmoja wa Masasi anayefunga taa za mkanda, zile zinazobadilika rangi, kwenye saluni na bajaji. Miwili tu. Wa tatu akajiita injinia. Mama yake, Bi Siti, aliuza mbuzi wawili ili mwanawe anunue maboksi ya taa akauze huko juu Newala, kwa ahadi kwamba atarudi anaendesha bajaji yake. Mbuzi walikwenda. Enyi mnaozaa watoto wenye maneno matamu, fungeni mbuzi wenu kwa kamba mbili.

Na pale uani kwa Baba Zuhra, chini ya turubai, ilikuwepo bajaji. Ya bluu, imechakaa kidogo, lakini inawaka. Uwesu aliitazama kama mtu anavyotazama mchumba.

"Shikamoo Baba Zuhra."

"Marahaba. Sinunui taa."

"Taa za mapambo hata mimi siwezi kumuuzia mtu kama wewe. Mimi nasikitika tu. Mzee mwenye akili namna hii, bado anakata korosho kwa kisu! Wenzako Mtwara wanapima kwa mwanga."

"Mwanga gani?"

"Basi, ngoja ninyamaze. Ni mambo ya kitaalamu."

Baba Zuhra akakiweka kisu chini. Hapo ndipo alipokwisha.

Kesho yake Uwesu akaleta mashine. Ilikuwa beseni la plastiki, la kufulia, lililozungushiwa mkanda wa taa ukingoni kwa ndani. Betri ya pikipiki chini yake. Kati ya betri na taa kikakaa kiboksi cheupe, na kutoka kwenye kiboksi zikatoka nyaya nne nyembamba: mmoja wa moto, na tatu kila mmoja na rangi yake, nyekundu, kijani, bluu. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja hutoa njano. Huo ndio uchawi wote, hakuna mwingine. Rangi huchaguliwa kwa rimoti ndogo kama sanduku la kiberiti, na rimoti ilikaa mfuko wa ndani wa koti la Uwesu, ambao aliutoboa tundu ili rimoti ipate kuona nje. Maana taa hizi zina kijicho cheusi, kama punje ya fiwi, kinachotokeza kwenye waya. Rimoti lazima ikitazame kijicho. Kitu kikisimama katikati, taa haisikii.

"Mafuta ya ganda la korosho," Uwesu akaeleza, sauti imeshuka kama ya mtu anayesoma wosia, "yana mkondo. Korosho nzuri mkondo wake mwepesi: kijani. Daraja la pili: njano. Makapi: nyekundu."

Akamimina bakuli la korosho. Akajikuna mbavu. Beseni likawaka kijani.

"Subhanallah," akasema Baba Zuhra.

"Bado hujaona bluu."

"Bluu ya nini?"

"Bluu ni dawa. Korosho nyekundu ikilala siku tatu chini ya bluu, inaamka kijani. Unanunua kama makapi, unauza kama dhahabu. Lakini bluu inahitaji fundi akae hapa hapa."

Baba Zuhra alifumba macho akahesabu tasbihi punje tatu. "Na fundi anataka nini?"

"Mimi si mtu wa tamaa. Ile bajaji tu, mwisho wa mwezi."

Wakapeana mikono. Kisu kikatupwa nyuma ya magunia, kwa maana Uwesu alisema chuma kinavuruga mkondo, na zaidi ya hapo, kisu ni ushamba.

Basi ikawa kila mkulima anayefika na gunia anakutana na beseni. Aliyemshika Uwesu mkono kwa siri, kijani. Asiyemshika, nyekundu, na korosho zake nzuri zinakwenda kwa bei ya takataka kulala chini ya bluu. Wakilalamika, Baba Zuhra anasema, "Taa haina ndugu." Mzee mmoja alilitazama beseni, akasema, "Nnungu wangu, hata mabeseni siku hizi yanatuchukia," akaondoka kichwa chini. Uwesu jioni alikuwa anakwenda kuipangusa bajaji vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe.

Siku moja akaja Sesilia, Mama Loveness. Huyu ni mwanamke wa Lulindi aliyeolewa Newala akafiwa na mume, mpana wa mwili, mchache wa maneno, mwenye saluni ya chumba kimoja na mikorosho michache. Binti yake Loveness alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi huko Masasi, na barua ilisema wazi: asiyeripoti Jumatatu na godoro lake, sanduku lake na sare zake, nafasi anapewa mwingine. Ilikuwa Jumanne. Magunia mawili haya ndiyo yalikuwa godoro, sanduku na sare. Korosho kavu, nzito, alizianika kwa mikono yake.

Mama Loveness hakumshika mtu mkono. Uwesu akajikuna mbavu. Nyekundu.

"Hizo si makapi," akasema mama.

"Taa haina ndugu," akasema Baba Zuhra.

"Rudia."

Uwesu akajikuna tena. Nyekundu.

Alisimama pale kitambo, anatazama. Si korosho. Alikitazama kile kijicho cheusi, halafu akazitazama mbavu za fundi. Kisha akapokea vijisenti alivyopewa, ambavyo havikutosha hata foronya, akaenda zake.

Uwesu hakujua kilichofuata, lakini sisi tusimfiche msomaji. Mama Loveness alifika saluni kwake, akakaa mbele ya kioo chake, ambacho kilizungukwa na taa za mkanda zile zile, alizozinunua sokoni ili wateja wapendeze. Akachukua rimoti yake. Akaiweka chini ya khanga. Akajikuna mbavu. Kioo kikawaka nyekundu. Akajikuna tena: kijani. Akacheka peke yake mpaka mteja aliyekaa na dawa kichwani akaomba aoshwe haraka aende nyumbani.

Maana rimoti hizi hutoka kiwandani kama vifaranga vya kisasa, zote sura moja, na taa ya huyu huiitikia rimoti ya yule bila kuuliza jina.

Alhamisi Mama Loveness akarudi, na kaka yake Danieli, na kirikuu la kukodi lenye magunia kumi na mawili. Wanawake sita jirani zake waliopigwa nyekundu walikuwa wamechangia kila mtu alichokuwa nacho: korosho za mwaka juzi zilizolowa, maganda, mabibo makavu, na kokoto za Newala ambazo haziishi.

"Shikamoo mama," Uwesu akamsalimu.

"Marahaba mwanangu. Leo ni nyingi, usichoke."

Bakuli la kwanza likamiminwa. Harufu ya ukungu ikapanda mpaka darini. Lakini siku hizo Baba Zuhra haangalii korosho tena, anaangalia taa. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake, Uwesu alitaka kusema kweli. Akabonyeza nyekundu.

Beseni likawaka nyekundu. Halafu kijani.

Akabonyeza tena. Nyekundu. Kijani. Nyekundu. Kijani.

"Mbona inahangaika?" akauliza Baba Zuhra.

"Ina... inafikiri."

"Iache ifikiri," akasema Mama Loveness, akasogea hatua moja mbele. Mwili wake wote, na Mungu alimpa kwa ukarimu, ukasimama kati ya koti na beseni. Kijani ikatulia, imetulia tuli kama majani ya mhogo.

Uwesu akahamia kushoto. Mama akahamia kushoto. Akahamia kulia. Mama naye kulia, kama watu wanaocheza ngoma moja.

"Mama, naomba unipishe kidogo."

"Nikupishe uende wapi, mwanangu? Kwani anayepima ni wewe au beseni?"

Hapo Uwesu akaacha kuhamahama. Alikuwa ameshaelewa. Ndani ya khanga ile kuna rimoti, hilo hakuwa na shaka. Lakini atalisemaje? Ukipiga kelele kwamba yule ana rimoti, mtu wa kwanza atauliza: umejuaje kwamba taa hii ina rimoti?

"Baba Zuhra," akasema, jasho linamtiririka ndani ya suti, "labda leo tukate moja tu kwa kisu. Tuhakikishe."

"Kisu?" Baba Zuhra akamtazama kwa huruma. "Fundi, si wewe uliyesema kisu ni ushamba?"

"Nilisema, lakini..."

"Tena chuma kinavuruga mkondo," akasema Mama Loveness kwa upole.

"Umemsikia mama wa watu? Hata yeye ameelimika! Mimina la pili!"

Kijani. La tatu, kijani. Danieli anamimina, anafunga, anageuza uso ukutani kucheka. La kumi na mbili lilikuwa kokoto zaidi ya nusu, likawaka kijani kuliko yote.

Baba Zuhra akapapasa mfuko, akapapasa chini ya mkeka. Pesa za magunia kumi na mawili kwa bei ya kijani hakuwa nazo. Na mnunuzi wake kutoka Tandahimba anafika leo leo.

"Mama Loveness, nipe mpaka Jumatatu."

"Jumatatu mwanangu anaripoti chuo. Basi narudisha kwenye gari, kuna mwenzako kule chini anazitaka."

"Ngoja, ngoja! Usiwe na hasira."

"Sina hasira. Nipe bei ya kijani ya yale magunia yangu mawili ya juzi, na ile bajaji. Tumalizane."

"Bajaji hapana!" akapaza Uwesu, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

Baba Zuhra akamgeukia, akamwekea mkono begani kama baba. "Usiogope, kijana. Sikusahau. Bajaji hii ni chuma chakavu, wewe unastahili zaidi. Chukua magunia manne katika haya. Kijani tupu! Ukiyauza utanunua bajaji mpya." Akashusha sauti. "Au huyaamini?"

Uwesu akafungua mdomo. Akiikataa korosho, ameikataa taa. Akiikataa taa, Baba Zuhra ana vijana wawili wabeba magunia pale mlangoni, mikono yao kama mitwangio.

"Nashukuru sana, Baba Zuhra," akasema. "Umenifadhili."

Saa nane mchana alikuwa barabarani, njia ya kuteremkia Masasi, amekaa juu ya magunia manne ya kokoto, koti mapajani. Kila gari lililopita lilitazama mzigo likaongeza mwendo. Huko nyuma mjini, mnunuzi wa Tandahimba alikuwa ameshafika, na mnunuzi huyo, kwa bahati mbaya, bado anatembea na kisu.

Ndipo ikatokea bajaji ya bluu. Danieli kwenye usukani. Nyuma Mama Loveness na binti yake, katikati yao sanduku jipya la chuma, na juu ya paa godoro limefungwa kwa kamba moja ambayo haikutosha. Bajaji sasa ilikuwa ya wanawake saba, kwa zamu, na zamu ya kwanza ilikuwa ya Loveness.

Ikasimama.

"Unakwenda Masasi, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Nitakulipa korosho. Gunia zima. Kijani."

Mama Loveness alicheka mpaka bajaji ikayumba. Mbali, upande wa mjini, pikipiki ilisikika inakuja kwa fujo, na juu yake mtu anaita, "Fundiii! We fundiii!"

"Hayo magunia yaache hapo hapo," akasema mama. "Nauli yangu ni hicho kidude kilichomo mfuko wa koti. Cha kwangu betri zake zimeanza kuisha."

Uwesu alimtazama. Aliitazama barabara. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa rimoti, akaiweka kwenye kiganja cha yule mama kama mtoto anayerudisha sukari aliyoiba.

"Panda nyuma. Kaa vizuri, ushike godoro lisianguke."

Danieli akaondoa bajaji. Upepo wa mteremko ukalipiga koti la Uwesu, tundu la mfukoni likawa linapuliza mbinja. Loveness, msichana mwenye adabu zake, akaona si vizuri kumwacha mgeni kimya.

"Kaka, wewe kazi yako nini?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

Uwesu akafikiri kona mbili nzima.

"We shika godoro tu," akasema Mama Loveness.