Chumba cha Mbele na Usiku wa Kuamkia Soko

Jumatatu, 7 Aprili 2014. Asubuhi manyunyu kutoka milimani, kisha jua.

Shemeji Zedekia amepita. Ukoo utakaa kikao Jumapili ya Pasaka. Nikionekana siwezi kupangisha hata chumba kimoja, nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu itasimamiwa na mke wa Zedekia, Vasta. Vasta! Ana vyumba sita ng'ambo ya ua, vyote vimejaa, na hunisalimu kwa kuuliza, "Loyi, panya wako wameshalipa kodi?"

Lakini leo nimepata mpangaji. Mayimuna, muuza vitenge kutoka Kasese anayekuja sokoni hapa Bwera, mpakani. Atalala chumba cha mbele usiku wa kuamkia soko tu, yaani Jumatatu na Alhamisi. Analipa mwezi mzima. Siku nyingine kitanda kitakaa bure. Bure kabisa! Nimekitazama muda mrefu.

Jumanne, 8 Aprili. Ukungu.

Nimepata wa pili! Mwalimu Davis, anafundisha shule ya Nyakiyumbu. Zamu yake ya kulala bwenini na wanafunzi ni Jumatatu na Alhamisi. Kama vile Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga ratiba. Kila mmoja ana ufunguo, kila mmoja anadhani chumba ni chake peke yake. Sijamdanganya mtu. Hakuna aliyeuliza.

Kazi yangu: sanduku la mwalimu chini ya kitanda changu, mabunda ya vitenge chumba cha mbele, badilisha shuka. Halafu kinyume chake.

Jumamosi, 12 Aprili. Jua kali.

Davis ameuliza kwa nini mto wake unanukia marashi. Nimesema ni sabuni mpya. Mayimuna naye jana alikuta kipande cha chaki kitandani. Nimemwambia ni ya kuzuia sisimizi. Akaomba nyingine apeleke kwake Kasese. Imebidi nimwibie Davis.

Vasta amenichungulia nikihamisha sanduku. Nimemwambia mpangaji wangu ana mali nyingi mno. Amenuna hadi jioni. Raha!

Jumatano, 16 Aprili. Mawingu mazito.

Maafa. Soko la Ijumaa litafanyika kesho, maana keshokutwa ni Ijumaa Kuu. Bwera nzima ilijua. Ilitangazwa kanisani, nami nilikuwa nyumbani nafua shuka. Mayimuna amefika jioni, amefungua mlango, na kumkuta Davis amejilaza na kaptula akisahihisha madaftari.

Kelele zilifika mpakani. "Mama Loyi! Iko mwanaume mu kitanda yangu!" Davis akavuta shuka hadi kidevuni, akauliza kitanda cha nani. Nilijaribu kusema ni binamu yangu. Davis akasema hatuna undugu wowote. Vasta alileta kiti akaketi. Kiti!

Davis amehamia kwa Vasta, kwenye stoo ya mahindi.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka. Milima wazi hadi juu.

Ukoo umekaa. Vasta alisimulia yote, na kuigiza pia. Nilikaa mkekani nikitazama ukuta ambao marehemu aliupaka chokaa kwa mikono yake.

Mara Mayimuna akaingia. Nilidhani amefuata mabunda yake. Akawaambia wazee chumba ni kikavu, na shuka zake ni safi kuliko za hoteli (lazima ziwe!), naye haendi popote. "Lakini funguo yote nabaki nayo mimi. Huyu mama iko na moyo muzuri. Akili ndio inatembea-tembea."

Zedekia alicheka hadi akakohoa. Nyumba inabaki kwangu mpaka Krismasi, tuone. Nimelia kidogo. Nimeapa: chumba cha mbele, mtu mmoja.

Jumatatu, 21 Aprili. Mvua tangu alfajiri.

Kiapo nimekitunza. Chumba cha mbele sikigusi. Lakini nilipokuwa natandika kitanda changu mwenyewe niliona jambo: mchana kutwa hakifanyi kazi yoyote! Mzee Syahuka huoka mikate usiku, hulala mchana. Tulikubaliana kabla ya chai. Amelipa mwezi mzima.

Saa moja jioni akabisha hodi na blanketi lake. Jumatatu ya Pasaka, tanuri halikuwashwa. Ni mtu mpole. Aliuliza kama nitauhitaji mto. Sasa anakoroma. Mayimuna yuko chumba cha mbele na funguo zake zote. Mimi niko jikoni, juu ya gunia la mkaa.

Vasta alikuja kuomba kiberiti. Akanitazama. Akarudi kwake kuchukua kiti.

Kosa nimeliona: kesho nanunua kalenda yenye sikukuu zote. Nalala sasa, saa saba na nusu usiku.