Wakili wa Sura ya Aselefech

Mvua ya mwezi wa Nehase ilipoanza kuichapa Piassa, katikati ya Addis Ababa, Gebeyehu Tafesse alijibanza chini ya kibaraza cha saluni moja. Alikuwa na suti moja, mkoba wa ngozi ambao ndani yake mlikuwa na gazeti la wiki iliyopita basi, na elimu ya sheria aliyoipata mahali wanapofundisha vizuri kuliko chuo kikuu: kizimbani. Mara tatu alishtakiwa, mara tatu akaachiwa, na kila mara alitoka na maneno mapya mawili matatu.

Juu ya mlango wa saluni palikuwa na bango la mwanamke mwenye shingo ndefu, nywele zimepandishwa juu kama keki ya harusi.

"Huyu nani?" Gebeyehu akamuuliza msusi.

"Nani anajua? Tulimtoa kwenye simu."

"Mlimwomba ruhusa?"

Msusi alicheka mpaka kitana kikamponyoka. Gebeyehu hakucheka. Alikuwa anazipitia kichwani saluni zote za Addis zenye mabango ya namna ile, na kabla mvua haijakatika alishajiona ni mtu tajiri.

Kilichokosekana ni mwenye uso. Mwenyewe halisi huenda alikuwa Brazili, au Misri, au amekwisha kuzeeka. Lakini Gebeyehu alikuwa na hoja yake: mwanamke akishatengenezwa nywele namna ile, hata mama yake mzazi humtambua kwa sauti tu. Ilitosha kumpata mwenye shingo.

Shingo aliipata soko la Merkato, upande wa vyombo vikuukuu, imeinama juu ya beseni. Ilikuwa ya Aselefech, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa akiosha chupa za jemu zilizookotwa ili ziuzwe tena. Maji baridi yalikuwa yamempasua vidole vyote kumi.

"Dada, unajua sura yako ni mali?" Gebeyehu akaanza.

"Kama ni ya kuoa, nimeshaolewa nikaachika. Kama ni ya kununua chupa, panga foleni."

Gebeyehu akachuchumaa, akamweleza mpango wote. Aselefech aliendelea kusugua, kisha akauliza, "Mgao wangu?"

"Fungu moja kati ya matano."

"Unaniandikia?"

"Ya nini? Makubaliano ya mdomo ni mkataba kamili mbele ya sheria."

"Na ukikana?"

"Basi itabidi uutafute huo mdomo."

Aselefech akajikausha mikono kwenye sketi. "Twende," akasema.

Saluni ya kwanza ilikuwa Gotera, ya bwana mmoja mnene aitwaye Bizuneh. Aselefech alisimama chini ya bango, amesukwa vilevile kama mwenye picha, macho kayainamisha kwa uchungu. Gebeyehu alifungua mkoba, akalitazama lile gazeti, akalifunga tena kwa huzuni.

"Mteja wangu hulia usiku kucha," akasema. "Uso wake unaning'inia barabarani, unapigwa vumbi, na mbwa wanainua mguu chini yake. Alikupa idhini lini?"

Bizuneh alimtazama Aselefech, akalitazama bango, akaanza kutoka jasho. "Lakini picha iko hapa miaka miwili! Mbona hakusema kitu? Mtu akinyamaza si amekubali?"

"Bwana Bizuneh, ukimkuta mtu amelala ukamvua viatu, naye akanyamaza, amekupa viatu?"

"Hapana..."

"Huyu alikuwa hajui. Asiyejua hakubali. Na kunyamaza si kutia saini."

Bizuneh alilipa. Akawaagizia na kahawa juu.

Ikawa hivyo wiki tatu. Mmoja alijitetea kwamba bango lilikuwepo aliponunua biashara. Gebeyehu akamuuliza kama ukinunua nyumba yenye mke wa mtu ndani unampata na mke. Mwingine alisema aliyebandika ni shemeji yake. Gebeyehu akaomba namba ya shemeji, bwana yule akalipa mbio, maana shemeji mwenyewe alikuwa polisi wa barabarani.

Kila jioni Aselefech alipewa fungu lake, na kila jioni lilikuwa jembamba kuliko jana. Kulikuwa na makato ya ushauri. Kulikuwa na makato ya kupiga pasi suti. Siku moja kulikuwa na makato ya "huzuni ya kitaalamu," na Aselefech alipouliza ni nini, aliambiwa ni ile sura ambayo wakili huivaa.

"Lakini mwenye sura hapa si mimi?" akauliza.

"Wewe una sura. Mimi nina sheria."

Tangu siku hiyo Aselefech hakusikiliza tena kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema. Alisikiliza kama anayejifunza kuendesha gari la mtu.

Ndipo wakafika Kazanchis, kwa mama aliyeitwa kwa heshima Etiye Senayit. Huyu alikuwa na saluni tano, meno mawili ya dhahabu, na njaa isiyoshibishwa na hizo saluni. Alimsikiliza Gebeyehu mpaka mwisho bila kupepesa hata kope.

"Fidia silipi," akasema. "Ninataka kuununua uso wenyewe, uwe wangu peke yangu kwa saluni za mji mzima. Halafu wengine wote wenye mabango yake nitawadai mimi."

Gebeyehu nusura apige magoti ashukuru. Alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta wajinga, kumbe aliyehitajika ni mroho. Walielewana birr laki moja na themanini.

"Lakini mimi sinunui kwa maneno," Senayit akaendelea. "Wewe ni nani kwake? Siku hizi wanaume wanawauza dada zao, kesho yake dada anakuja kulia kwamba alilazimishwa, mkataba unavunjika na pesa yangu imeshaliwa. Mwanangu, umekubali kwa hiari yako?"

Aselefech akavuta pumzi. "Nimekubali, Etiye. Kaka huyu ananisaidia. Ila sijui yeye mwenyewe anachukua kiasi gani."

Wasusi walisimamisha vitana. Mteja mmoja akatoa kichwa kwenye kikaushio cha nywele ili asikie vizuri.

"Mimi?" Gebeyehu akaweka mkono kifuani. "Hata santim moja! Mimi natumikia haki."

"Basi andika," akasema Senayit.

Akaandika. Angefanyaje, na laki moja na themanini ziko mezani? Aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba yeye, Gebeyehu Tafesse, akiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, ni mwakilishi wa Aselefech bila malipo, na hataacha kazi hiyo bila kutoa taarifa ya siku thelathini. Hilo la siku thelathini hakuombwa na mtu. Aliliweka kwa kuwa linasikika vizuri.

"Ongeza kwamba pesa zote ni zangu," Aselefech akasema kwa upole. "Na zilizotangulia pia. Etiye asije akafikiri unanidhulumu."

Gebeyehu alimtupia jicho, kisha akalitazama jicho la Senayit, akaongeza.

"Na kwenye mkataba wa Etiye," Aselefech akaendelea, akigusa shavu lake mwenyewe, "usiandike habari za bango. Andika sura yangu hii. Nitapigwa picha mpya, nzuri zaidi. Hii ndiyo ninayoiuza."

"Huyu ana akili," Senayit akasema.

Wasusi wawili walitia saini kama mashahidi. Pesa zikatumwa kwa simu, moja kwa moja kwenye akaunti ya Aselefech, na Gebeyehu akawapigia makofi kama bwana harusi.

Walipofika nje akanyoosha kiganja. "Haya, dada. Tugawane."

"Tugawane nini?"

"Usinitanie. Ile karatasi ilikuwa maigizo."

"Etiye Senayit haigizi, na mashahidi hawaigizi. Wala mimi. Tena unanidai wapi, wakati mimi ndiye ninayekudai zile za nyuma?" Akaanza kutembea, shingo imenyooka. "Kesho nalipia chumba chenye bomba la maji moto. Nikikuhitaji nitakupigia."

Gebeyehu hakulala. Asubuhi alikwenda mahakamani, hakuingia. Alijua mle ndani wanamfahamu. Alikaa nje, mbele ya mzee aliyeitwa kwa heshima Gashe Mitiku, anayewachapia watu maombi yao kwa taipu chini ya mwavuli.

"Nataka kuvunja mkataba," akasema, akiiweka ile karatasi mbele yake.

Gashe Mitiku akaisoma, akapachika karatasi nyingine kwenye taipu. "Ulilazimishwa?"

"Hapana. Nilikuwa natabasamu."

"Ulikuwa umelewa?"

"Nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi."

"Hukuelewa kilichoandikwa?"

"Nilikiandika mwenyewe."

"Basi ulidanganywa."

Gebeyehu akafikiri. "Hapo ndipo penye shida, Gashe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwadanganya watu wote. Yeye ndiye mtu pekee aliyesema kweli."

Mzee akainua vidole kwenye taipu. "Hilo nilichape? Jaji atalipenda sana."

"Usichape!"

"Basi birr mia mbili."

"Za nini? Hujachapa neno! Mimi sikukubali kulipia mazungumzo."

"Umekaa kwenye kiti changu, umeuliza nikajibu, umeuliza tena nikajibu tena. Nenda ndani ukamuulize jaji kama hayo si makubaliano. Si mbali, mlango ule."

Gebeyehu aliutazama mlango ule. Akalipa.

Simu yake ikalia. Alikuwa Aselefech, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wakisogeza meza.

"Wakili, uko wapi? Kuna mwenye kiwanda cha mafuta ya nywele, anataka mkataba wa sura yangu kwenye chupa zake. Amekuja na mwanasheria wake, anaongea maneno makubwa. Njoo Saris."

"Kwa malipo gani?"

"Karatasi unayo. Soma."

Gebeyehu akafunika simu kwa kiganja. "Gashe, naweza kukataa?"

"Ukishatoa taarifa ya siku thelathini."

Gebeyehu alifunga kifungo cha juu cha shati, akachukua mkoba wake, akaenda Saris kwa nauli yake mwenyewe.