Baba Pacha na Pembe Nne za Gari Lake

Enyi wenye masikio, sogeeni. Na enyi wenye kazi, ziacheni, maana kazi zenu ni ndogo mbele ya haya nitakayonena. Namtaja Baba Pacha, kinyozi mtukufu, Mshika Spana, Mtetemesha Jeki, ambaye majirani walitetemeka kila alipofungua boneti, kwa kuwa walijua atakuja kwao kuomba maji ya kunawa mikono.

Gari lake kuukuu lilikuwa na ugonjwa mmoja: kila kona ya kulia, tairi la mbele kushoto lilikwaruza bodi, krrr, hata wapita njia wakageuka. Na kushoto, tangu siku ya ndoa, huketi mkewe, Mama Pacha. Basi Jumapili moja, mezani kwa mama mkwe, mbele ya ukoo mzima na sahani zake, shujaa alifuta midomo akatamka: "Gari halina neno. Ni mzigo wa upande ule tu." Akacheka. Akacheka peke yake.

Walipofika nyumbani, Mama Pacha alisema:

"Mimi kwenye gari hilo siingii tena. Jumapili ijayo utakwenda kwa mama peke yako, na akiuliza niko wapi, utamjibu mwenyewe na ulimi wako huo."

Wapo waliokabili majeshi. Lakini kumkabili mama mkwe peke yako, baada ya kumtukana binti yake kwenye meza yake, hilo halijapata kuandikwa, kwa kuwa hakuna aliyerudi kusimulia. Baba Pacha akaazimia kupata ushahidi: atapima uzito unaobebwa na kila tairi, dunia ione kosa ni la nani.

Mizani halisi ya kazi hiyo, zile sahani nne za wenye magari ya mashindano, bei yake ilikaribia ya gari lenyewe. Akanyapa hadi bafuni, akatwaa mizani ya mkewe. Na kwa kuwa hukomea kilo mia na hamsini, akabuni hila ya vita: ubao mnene, ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, tairi katikati kabisa, ili mizani ibebe nusu na tofali nusu. Matairi mengine akayainua kwa matofali hadi kimo kile kile. Jeki ililia. Mgongo ulilia. Shujaa hakulia, ila kidogo, tofali lilipomwangukia kidole.

"Hiyo si mizani yangu?" Mama Pacha alikuwa mlangoni pa jikoni.

"Ni yako, ewe malkia wa nyumba hii, nayo leo imeitwa kwenye utumishi mkubwa!"

"Ikivunjika utaitwa wewe."

Kwenye kiti cha dereva alipanga mifuko mitatu ya mchanga, badala ya mwili wake mtukufu. Kisha akasimama na wa nne mikononi, akitazama kiti cha kushoto.

"Mama Pacha, upande wako niweke mifuko mingapi?"

"Weka unayoona inatosha," alisema Mama Pacha polepole.

Hapo ndipo ushujaa wake wa kweli ulipodhihirika: aliuweka mfuko chini, akaacha kiti kitupu.

Akapima pembe moja baada ya nyingine, akihamisha mizani na kuugua. Mbele kulia, chini ya mifuko yake mwenyewe, ilisoma mia na moja. Mbele kushoto, mia na ishirini na nane. Mama Pacha aliinama akasoma mwenyewe.

"Mimi nimesimama hapa, na kushoto bado ni kuzito. Nani ameketi pale?"

Nyuma kulia nako kulikuwa kuzito kuliko nyuma kushoto. Baba Pacha akaduwaa, maana alikumbuka. Mwezi uliopita, kwa mkono wake, alikaza nati ya springi ya nyuma kulia, pembe hiyo ikainuka, ili gari lisimame kwa madaha. Na gari ni kama meza: refusha mguu mmoja, uzito utaukimbilia huo na ule unaotazamana nao kwa mshazari.

"Ni mimi," alisema, bila tarumbeta. "Niliinua nyuma kulia, uzito ukaangukia upande wako. Hukuwa wewe hata siku moja, mke wangu. Naona aibu."

"Uzito wangu naujua," alisema Mama Pacha. "Mizani ni yangu. Ila uliyasema mezani kwa mama, na utayafuta mezani kwa mama."

Baba Pacha akalegeza nati mizunguko miwili, akapima upya, mishazari ikalingana. Jumapili waliondoka wote wawili. Kona ya kulia ikaja. Kimya. Ya pili ikaja. Kimya kitukufu.

Mezani shujaa akainuka. "Enyi wakwe watukufu! Uzito wa gari hugawanyika kwa mishazari miwili, ambayo—"

"Mkwe wangu," alisema mama mkwe akipakua, "ulikosea au hukukosea?"

"Nilikosea, mama."

"Haya, kaa ule."

Basi vizazi na vikumbuke kwamba katika zama hizi gari zima lilisawazishwa kwa mizani ya bafuni, ubao na matofali, na tairi halikukwaruza tena. Kilichokwaruza siku ile ni koo la shujaa, na Mama Pacha, aliyeketi kushoto kwake, akamsogezea maji.